Dawa za uvimbe kutoka baharini: zinakwama wapi, na Uganda ianzie wapi

Ukitaka kujua kama dawa mpya inatuliza uvimbe, kwanza unautengeneza uvimbe wenyewe. Tangu mwaka 1962 maabara nyingi duniani hufanya hivi: huyeyusha karagenani kwenye maji ya chumvi hadi ifike asilimia 1, kisha humdunga panya mililita 0.1 chini ya ngozi ya unyayo wa mguu wa nyuma. Baada ya saa tatu hadi tano unyayo umefura, umekuwa mwekundu, una joto, na panya anauinua asiukanyagie. Karagenani hiyo hukamuliwa kutoka kwenye mwani mwekundu, na mwani wa jamii hiyo ndio ambao akina mama wa Zanzibar wamekuwa wakiulima kibiashara tangu mwaka 1989, wakiufunga vipande kwenye kamba wakati wa maji kupwa.

Mwani wa namna hiyo ukichemshwa hutoa ute, na ute huo sasa unatangazwa mitandaoni kama tiba ya magoti na viungo vinavyouma. Wateja wa Kampala nao wanaununua.

Hatusemi kwamba ute huo utamvimbisha anayeumeza. Karagenani ya chakula ni molekuli kubwa mno, haivuki ukuta wa utumbo kirahisi, na viwanda huitumia kila siku kuyapa maziwa na aiskrimu uzito. Lakini mfano huu unaonyesha jambo ambalo matangazo huliruka: kitu kilekile kinaweza kuwa chakula, kichocheo cha uvimbe au bure kabisa, kutegemea kimeingia mwilini kwa njia gani, kwa kiasi gani, na kimefika wapi. Utafiti wa dawa za uvimbe kutoka baharini umejaa habari njema za hatua ya kwanza, na karibu zote zimekwama kwenye maswali hayo matatu.

Neno uvimbe tunalitumia hapa kwa maana ya ule moto wa kinga ya mwili: wekundu, joto, kufura, maumivu na kiungo kushindwa kazi. Hatuzungumzii jipu wala saratani. Moto huo ukizuka kwa saa chache unakuokoa na vijidudu. Ukiwaka miaka unakula gegedu la goti, unabana mirija ya hewa, unachubua ngozi. Dawa tulizonazo zinafanya kazi, ila zina gharama yake. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kila duka la dawa linazo, huzuia kimeng'enya cha COX-2 kinacholeta uvimbe, lakini hugusa pia COX-1, ambacho husaidia kulinda ukuta wa tumbo. Ndiyo sababu mgonjwa wa mgongo anarudi na vidonda vya tumbo. Figo nazo huumia, hasa za mzee mwenye presha. Prednisoloni, dawa ya steroidi, ina nguvu zaidi, na ikitumiwa muda mrefu hupunguza mifupa, hupandisha sukari na hulegeza kinga. Haja ya dawa mpya ni ya kweli.

Kwa nini baharini? Kwa sababu ya wanyama wasiotembea. Sponji haina meno, haina miguu, haina gamba. Imeshikamana na mwamba, na anayetaka kuila anaikuta palepale alipoiacha. Silaha yake ni kemikali. Matumbawe laini na tunikati, wanyama laini wenye umbo la mfuko, wako vivyo hivyo. Na kwa kuwa kemikali ya kujihami inamwagwa kwenye maji mengi, lazima iwe kali hata ikiwa kidogo sana. Hoja hiyo imezaa dawa za kweli: sitarabini ya kutibu saratani ya damu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969, ilitokana na kemikali za sponji ya Karibi, zikonotaidi ya maumivu makali, iliyoidhinishwa Desemba 2004, ni nakala ya sumu ya konokono Conus magus.

Ukizitazama vizuri utaona hizo ni dawa za saratani na maumivu. Kwenye uvimbe wenyewe, ule wa baridi yabisi, pumu au soriasisi (ugonjwa wa ngozi), hakuna molekuli ya sponji wala tumbawe iliyofika dukani ikiwa dawa kamili.

Chukua manoalidi. Mwaka 1980 wakemia de Silva na Scheuer waliieleza kutoka kwenye sponji Luffariella variabilis ya visiwa vya Palau. Baadaye ikaonekana inazuia fosfolipesi A2, kimeng'enya kinachokata mafuta ya ukuta wa seli na kuachia asidi ya arakidoni. Asidi hiyo ndiyo malighafi ya prostaglandini, na prostaglandini ndizo zinazoleta joto na maumivu. Aspirini na diklofenaki huziba mto katikati ya safari. Manoalidi iliziba chemchemi. Kampuni ya Allergan iliichukua ikitaka kutengeneza dawa ya kupaka ya soriasisi, ikafika kwenye majaribio ya kwanza kwa binadamu, ikasimama hapo. Sababu haikuwa kwamba haina nguvu. Dawa ya kutosha haikupenya ngozi.

Kuna kasoro nyingine ambayo wakemia waliiona mapema. Manoalidi huzuia kimeng'enya kwa kung'ang'ania laisini, moja ya asidi amino zinazounda protini, na ikishang'ang'ania haibanduki. Sasa laisini iko kwenye karibu kila protini ya mwili. Kwenye mrija wa maabara wenye kimeng'enya kimoja tu, manoalidi inaonekana mlenga shabaha hodari. Ndani ya mwili ina maelfu ya mahali pa kunatia kabla ya kufika inakotakiwa. Leo inanunuliwa na maabara kama kifaa cha kuchunguzia fosfolipesi.

Pseudopterosini ilikwenda mbali zaidi, kwa njia ya pembeni. Ilielezwa mwaka 1986 na kundi la William Fenical na Robert Jacobs wa Chuo Kikuu cha California, kutoka kwenye tumbawe laini la Karibi lenye umbo la mjeledi, Antillogorgia elisabethae. Wavunaji wa Bahamas hupiga mbizi, hupogoa matawi na kuacha shina lichipue tena, sawa na mtu anayevuna majani ya chai. Dondoo lake liliingia kwenye krimu ya ngozi ya Estée Lauder iitwayo Resilience. Ni mafanikio, na uvunaji wa kupogoa ni wa kuigwa. Lakini krimu ya urembo haidaiwi ushahidi kwamba inaponya ugonjwa, inadaiwa isidhuru. Binamu wa kemikali hiyo aliyetengenezwa maabara, methopterosini, alifikishwa kwenye majaribio kwa binadamu kwa ajili ya kuponya vidonda, na hajawa dawa. Mlango wa vipodozi uko wazi, mlango wa dawa una mlinzi, na mlinzi huyo yupo kwa faida ya mgonjwa.

Tatizo la kiasi lilikaribia kuzika hata zile zilizofaulu. Ili kupata gramu 1 ya trabektedini, dawa ya saratani kutoka kwa tunikati Ecteinascidia turbinata, ilihitajika takriban tani 1 ya wanyama hao. Hakuna bahari inayohimili uvunaji wa namna hiyo. Suluhisho lilikuja pale wakemia walipochukua kemikali inayofanana nayo inayotolewa na bakteria Pseudomonas fluorescens, wakaichachusha kwenye matangi, kisha wakaimalizia kwa mikono ya kikemia. Halafu ikabainika kwamba hata trabektedini yenyewe hutengenezwa na bakteria anayeishi ndani ya tunikati. Dolastatini 10 ni hivyohivyo: ilipatikana kwa konokono wa baharini, kumbe konokono aliila tu, mtengenezaji halisi ni sianobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua kama mimea. Kwa nchi isiyo na pwani hilo lina uzito, maana kiwanda mara nyingi ni kiumbe mdogo anayeweza kufugwa kwenye tangi mahali popote. Tutalirudia.

Kwanza tuingie maabara, maana hapa ndipo makala nyingi za kisayansi kutoka kila pembe ya dunia, Afrika Mashariki ikiwemo, zinapotangaza ushindi mapema.

Kipimo kinachotumika zaidi ni rahisi. Unachukua seli za panya mdogo wa maabara za aina ya RAW 264.7, ambazo ni walinzi wa kinga, unazipanda kwenye sahani yenye vishimo 96. Unaweka dondoo lako. Baada ya saa moja unaweka endotoksini, ile sumu ya ukuta wa bakteria, kwa kawaida mikrogramu 1 kwa mililita au hata sehemu ya kumi yake. Seli hukasirika na kutoa nitriki oksaidi, gesi inayoashiria uvimbe. Baada ya saa 24 unachota maji ya juu, unayachanganya na kiasi sawa cha kitendanishi cha Griess, rangi ya waridi inatokea, unaisoma kwenye mashine kwa nanomita 540. Waridi ikipungua, unaandika kwamba dondoo linatuliza uvimbe.

Sasa hesabu makosa. Seli iliyokufa haitoi nitriki oksaidi, kwa hiyo sumu yoyote itaonekana kama dawa. Lazima sahani ya pili ipime uhai wa seli kwa kiasi kilekile, na kama uhai umeshuka chini ya asilimia 80 matokeo hayo usiyahesabu kabisa. Kiyeyusho cha DMSO chenyewe huzisumbua seli kikizidi. Kiweke chini ya asilimia 0.5, na vishimo vya kulinganishia vipate kiasi hichohicho. Dondoo la mwani lina rangi yake ya kijani au nyekundu, nayo huingilia usomaji, hivyo weka kishimo chenye dondoo peke yake bila seli ili utoe rangi hiyo kwenye hesabu. Kuna kemikali pia zinazonyaka nitriki oksaidi ikiwa imeshatoka: seli bado imekasirika, moshi tu ndio umefutwa. Anayetaka kuwa na uhakika apime TNF-alfa na interlukini 6, protini ambazo seli hutoa kuchochea uvimbe, na aone kama jeni zenyewe zimezimwa.

Kosa baya kuliko yote halionekani kwa macho. Sampuli ya bahari au ziwa imejaa bakteria, na dondoo lake huja na endotoksini yake. Seli zikionjeshwa endotoksini kidogo mapema, zikipewa nyingi baadaye hazistuki tena, zimezoea. Mtafiti anasoma kwamba dondoo limetuliza, kumbe limezichosha. Dawa ya tatizo hilo ni kupima endotoksini kwenye dondoo kabla ya jambo lingine lolote. Na kipimo hicho, tazama, nacho kimetoka baharini: hutumia damu ya buluu ya Limulus, mnyama wa pwani ya mashariki ya Marekani mwenye gamba la umbo la kwato. Damu yake huganda ikikutana na endotoksini. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilikikubali mwaka 1977, na leo ipo nakala inayotengenezwa bila kumgusa mnyama. Karagenani ya kuwasha moto, manoalidi ya kuchunguza kimeng'enya, Limulus ya kukagua usafi: bahari imetupa vifaa vya kupimia uvimbe kabla ya kutupa dawa ya uvimbe.

Kuna hesabu moja ambayo mhariri yeyote wa gazeti anaweza kuifanya kabla ya kuchapisha habari ya "mwani unaotibu". Tuseme makala inasema dondoo linapunguza uvimbe kwa nusu likiwa mikrogramu 100 kwa mililita. Mwili wa mtu mzima una takriban lita 40 za maji. Kufikisha kiwango hicho mwili mzima unahitaji gramu 4 za dondoo zikiwa zimeshaingia. Kama utumbo unapitisha asilimia 5 tu, na dondoo nyingi hazifiki hapo, mgonjwa ameze gramu 80, na ini liwe halijaanza kuivunja. Ni hesabu ya juu juu, mwili haugawi dawa sawasawa hivyo, lakini inatosha kutenganisha tumaini na ndoto. Matokeo ya kumtoa mtafiti kitini yaanzie mikrogramu 10 kushuka chini kwa dondoo, na chini ya 1 kwa kemikali safi. Hicho ni kipimo chetu, na hatuoni sababu ya kukilegeza.

Kwa panya mtego ni mwingine. Dondoo likidungwa tumboni huchubua ukuta wa ndani, na maumivu ya huko huufanya unyayo upungue kufura, kwa sababu mwili umeelekeza nguvu kwingine. Dawa ya kumezwa ijaribiwe kwa kumezeshwa. Indometasini, dawa ya uvimbe inayojulikana, miligramu 10 kwa kilo, iwepo kwa kulinganisha. Na dozi ya panya igawanywe kwa 6.2 kupata ya binadamu: miligramu 500 kwa kilo, kiwango kinachoandikwa sana, ni karibu gramu 4.8 za dondoo kwa mtu wa kilo 60. Kama gramu 100 za mwani mkavu hutoa gramu 5 za dondoo, huyo mtu ale karibu gramu 97 za mwani kila siku. Baadhi ya mwani wa kahawia una zaidi ya miligramu 1 ya madini ya joto katika kila gramu, na mahitaji ya mtu mzima ni mikrogramu 150 kwa siku. Tezi ya shingo haitavumilia mara 600 ya mahitaji yake, tena katika nchi ambayo chumvi ya mezani tayari imewekwa madini hayo.

Fukoidani ya mwani wa kahawia, inayotajwa sana siku hizi, ina ugumu mwingine. Imejulikana tangu mwaka 1913, lakini si kitu kimoja. Ni familia ya sukari ndefu zenye salfati, na urefu wake hubadilika kulingana na aina ya mwani, msimu na namna ulivyochemshwa. Chupa mbili zenye jina moja zinaweza kuwa vitu viwili. Halafu fukoidani huzuia damu kuganda, kwa namna inayofanana na hepari. Mgonjwa anayetumia wafarini, nayo dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiguse bila daktari wake kujua.

Kitu cha baharini ambacho kina ushahidi mzuri kwa binadamu ni cha kawaida mno: mafuta ya samaki. EPA na DHA, mafuta mawili ya omega-3, huingia kwenye ukuta wa seli, husukuma asidi ya arakidoni pembeni, na mwili huyageuza kuwa resolvini, kemikali zinazouambia moto uzimike. Kundi la Charles Serhan wa Harvard ndilo lililozitambua, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Majaribio ya baridi yabisi yaliyoonyesha nafuu yalitumia takriban gramu 3 za EPA na DHA kwa siku, na nafuu ilichukua miezi miwili hadi mitatu.

Geuza kopo sasa, usome mgongoni. Mbele limeandikwa miligramu 1000. Hiyo ni mafuta yote. Nyuma, kwa herufi ndogo, utaona EPA 180 na DHA 120, jumla 300. Kufikia gramu 3 ni kapsuli 10 kwa siku. Anayemeza moja kila asubuhi akisubiri magoti yapone anameza sehemu ya kumi ya dozi. Kapsuli zilizokolezwa zipo, zenye 600 au zaidi, na bei yake iko juu. Linganisha bei kwa kila gramu ya EPA na DHA, usilinganishe bei ya kopo. Na dozi kubwa haiendi bila daktari: kwenye jaribio kubwa la REDUCE-IT la mwaka 2018, waliotumia gramu 4 za EPA iliyosafishwa walipata mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio zaidi kuliko wenzao, asilimia 5.3 dhidi ya 3.9.

Mafuta hayo huharibika upesi. Joto, mwanga na hewa huyachachusha, na kopo lililokaa dirishani mwa duka lenye jua kali limeshaanza safari hiyo. Kiwango cha kimataifa cha Codex cha mwaka 2017 kinataka peroksaidi isizidi 5 na jumla ya uchachu, iitwayo TOTOX, isizidi 26. Mnunuzi hana mashine, ana ulimi: ng'ata kapsuli moja. Harufu ya samaki ni sawa. Ukali unaokwaruza koo, au harufu ya rangi ya mlango, rudisha kopo.

Hapa ndipo mukene, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, anayeuzwa Kiyindi na Katosi anastahili heshima anayonyimwa. Ni samaki mdogo anayeliwa mzima, ana EPA na DHA, na bei yake mtu wa kawaida anaimudu. Kumla hakufikishi gramu 3, na hatumwiti dawa. Lakini anayeanikwa juu ya mchanga siku mbili huku mvua ikimnyeshea, mafuta yake yamechacha kabla hajafika sokoni, mbali na mchanga wenyewe kwenye meno. Akianikwa kwenye vichanja vilivyoinuliwa, vyenye wavu, hewa ikipita juu na chini, hukauka kwa muda mfupi zaidi. Na sehemu kubwa huishia kwenye chakula cha kuku. Kabla ya kuagiza makopo kutoka ng'ambo, vichanja viongezwe.

Upande wa utafiti, Uganda ina kitu chake. Maziwa ya magadi ya bonde la ufa yana sianobakteria tuliyoizoea kwa jina la spirulina. Heroe wanaotua Munyanyange, jirani na ziwa la chumvi la Katwe, ni ndege wa chakula cha namna hiyo. Rangi yake ya buluu, fikosianini, huzuia COX-2 kwenye mrija wa maabara. Kuifuga si miujiza: maji yenye gramu 16.8 za bikaboneti ya sodiamu kwa lita, gramu 2.5 za naitreti ya sodiamu, gramu 1 ya chumvi, fosfati, magnesiamu na chuma kidogo. pH kati ya 9 na 10.5, joto karibu nyuzi 35. Magadi hayo ndiyo yanayofukuza wadudu wengine. Yakilegea, pH ikashuka, mwani wa kijani huvamia. Uvunaji ni wa kuchuja kwa kitambaa, na ukaushaji ndipo wengi wanapopoteza kila kitu: fikosianini huanza kufa joto likipita nyuzi 45 hivi, kwa hiyo bati la juani linatoa unga wa kijani usio na buluu ndani. Kivuli, tabaka jembamba, upepo. Usafi wake hupimwa kwa kugawanya usomaji wa nanomita 620 kwa ule wa 280, 0.7 ni ya chakula, na kwa kazi ya utafiti wa dawa unataka karibu 4.

Je, ni dawa? Bado. Fikosianini ni protini kubwa, na tumbo huishughulikia kama linavyoshughulikia yai. Pengine kinachobaki, ile rangi ndogo iliyofungwa ndani yake, ndicho chenye kazi. Hilo ni swali linaloweza kujibiwa Kampala, na linahitaji mambo yaleyale tuliyoyataja: endotoksini, uhai wa seli, dozi ya kumeza.

Kitu kimoja hakina mjadala. Spirulina isichotwe ziwani kiholela ikauzwa. Ziwa Victoria, hasa kwenye ghuba zilizo karibu na miji, lina sianobakteria nyingine, Microcystis, inayotoa sumu inayoharibu ini. Shirika la Afya Duniani limeweka mikrogramu 1 kwa lita kuwa ukomo wa sumu hiyo kwenye maji yanayonywewa kwa muda mrefu, na jimbo la Oregon la Marekani liliweka mikrogramu 1 kwa gramu kwenye unga wa mwani tangu mwaka 1997. Kila fungu la unga lipimwe, lisipopimwa lisiuzwe. Vilevile unga wowote "wa asili" unaomaliza maumivu ya viungo ndani ya siku mbili upelekwe kupimwa kama una deksamethasoni, ambayo ni steroidi, au diklofenaki. Mwaka 2022 mamlaka ya Marekani ilizikuta zote mbili zimefichwa kwenye kirutubisho cha viungo, na mgonjwa anayekunywa steroidi bila kujua, kisha akaacha ghafla, anaweza kuanguka kwa sababu tezi zake za juu ya figo zimeshalala.

Kwa hiyo fedha ziende kwenye meza ya kupimia. Taasisi ya utafiti wa tiba asili iliyoko Wandegeya, Makerere na Mbarara zina wafamasia na wakemia. Halmashauri ya Dawa ya Taifa ina mamlaka ya kusimamia soko. Kinachopungua ni kipimo cha endotoksini kinachofanyika kila siku badala ya kusubiri mradi, friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri yenye umeme usiokatika, seli zinazokaguliwa kama hazijaambukizwa maikoplazma (bakteria wadogo sana), na mtu anayelipwa kurudia majaribio ya wenzake. Maabara ya hivyo inaweza kupokea mwani wa Zanzibar, jongoo bahari wa Mombasa na buluu ya Katwe, ikasema ndiyo au hapana, na nchi jirani zikaiamini. Sheria nayo ipo. Kanuni za mwaka 2005 za upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki zinamtaka mtafiti wa nje apate kibali kupitia Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na Uganda imo kwenye Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za rasilimali hizo. Kwa bahari kuu, mkataba uliopitishwa New York Juni 2023 unazigusa hata nchi zisizo na pwani katika mgawo wa faida za viumbe wa huko. Kibali cha kutoa chupa ya maji ya Katwe nje ya nchi kitaje mambo matatu kwa maandishi: nusu ya sampuli ibaki Kampala, namba ya sampuli iandikwe kwenye kila hataza itakayoombwa, na matokeo ya sumu yarudishwe hata kama hakuna dawa iliyopatikana.